Samaki wanahema juu alfajiri, mchana vipimo vinasoma kawaida: nipime nini na saa ngapi?

Uani Kwangu

Habari zenu wadau. Nina bwawa dogo nyuma ya nyumba, la turubai, urefu mita 4, upana mita 3, kina kama mita 1 hivi. Ndani nina perege, ukiwajumlisha wote wanafika kama kilo 20. Maji mengi ni ya mvua, yanashuka toka kwenye paa yanaingia tanki halafu naelekeza bwawani, ya bomba naongezea pale tanki linapoisha. Chakula nawapa kama gramu 600 kwa siku, ni cha punje, protini asilimia 30.

Sasa shida yenyewe, alfajiri kabla jua halijatoka samaki wanakuwa juu wote, midomo imetoka nje ya maji wanavuta hewa, hata ukisogea karibu hawakimbii kama kawaida yao. Jua likishapanda wanashuka, wanakula vizuri tu kama hakuna kilichotokea. Maji yamekuwa kijani iliyokolea sana, ukiingiza mkono mpaka kwenye kiwiko vidole huvioni.

Nikapima kwa vile vijikaratasi vya rangi, saa nane mchana hivi. Amonia 1 (miligramu kwa lita), nitriti 0, nitrati kidogo, pH rangi inaangukia kwenye 9. Mchana samaki wako sawa kabisa kwa hiyo sielewi niamini nini, macho au karatasi. Naomba mnisaidie haya: shida ni amonia au ni oksijeni? Katika vipimo vyote hivi vinavyouzwa kipi ndo cha lazima? Na je nimwage maji yote nianze upya? Kuna mtu kaniambia niweke mrututu (ile dawa ya bluu ya shaba) kuua huo ukijani, nimeona niulize kwanza.

Kijito

Mkuu hapo maji yamechoka, mwaga yote jaza ya bomba, weka na chumvi kidogo, watatulia. Ukijani ukirudi unamwaga tena.

Maji Kwanza

Tafadhali usimwage yote na usiguse mrututu, nitaeleza kwa nini ila naomba uvumilie maana ni refu.

Kwanza hao samaki wanaopanda juu alfajiri na kushuka jua likitoka, hiyo ni oksijeni karibu kwa uhakika. Ule ukijani ni mwani, mamilioni ya vimea vidogo vinavyoelea. Mchana kuna jua vinatengeneza oksijeni, tena kupita kiasi, usiku havina jua kwa hiyo vyenyewe navyo vinavuta oksijeni ileile pamoja na samaki pamoja na bakteria walioko kwenye tope chini. Wote wanavuta usiku kucha hakuna anayerudisha, mpaka alfajiri ndo kiwango kinakuwa chini kuliko saa nyingine yoyote. Kwa hiyo mtu akipima oksijeni saa nane mchana anapata namba ya kupendeza ambayo haina uhusiano wowote na kile samaki walichopitia saa kumi na moja alfajiri. Perege anavumilia sana, ila afya njema inataka miligramu 5 kwa lita kwenda juu, chini ya 3 anaacha kukua na chini ya 2 ndo unaona midomo juu. Na ukiona siku wamekufa wale wakubwa kwanza na wadogo wamebaki, hiyo ni alama ya oksijeni, wakubwa ndo hushindwa mapema.

Pili, hiyo pH 9 ya mchana na yenyewe ni kazi ya mwani. Mwani unakula kaboni dayoksaidi, na kaboni dayoksaidi majini ndo inayoleta uchachu, ikiliwa pH inapanda. Usiku kila kiumbe kinapumua kaboni dayoksaidi inarudi, pH inashuka. Kwa hiyo bwawa lako linaweza kuwa na pH 9 alasiri na 7 alfajiri, maji yaleyale, siku ileile.

Sasa hapo ndo amonia inapoingia, na hapa ndo watu wengi wanapotezwa na karatasi. Kipimo cha amonia kinakupa jumla ya aina mbili. Kuna moja ambayo haina madhara makubwa na kuna nyingine ambayo ndo sumu yenyewe, inaingia kwenye matamvua na kuyaunguza. Kinachoamua ngapi iko upande wa sumu ni pH, na joto kidogo. Kwa maji ya nyuzi 28, kwenye pH 7 sehemu ya sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 6 na nusu. Kwenye pH 9 ni kama asilimia 41. Yaani hiyo 1 yako ikisomwa alfajiri ni jambo dogo sana, ikisomwa alasiri pH ikiwa 9 una kama 0.4 ya sumu kamili, na kiwango ambacho wafugaji wengi hawataki kivukwe kwa muda mrefu ni 0.05. Amonia ileile 1!

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba una yote mawili ila kwa zamu, alfajiri oksijeni inawabana, alasiri amonia inawachoma. Macho yako yanasema kweli na karatasi inasema kweli, ni saa tu zilizotofautiana.

Ninachokuomba, kabla hujaweka kitu chochote, pima bwawa hilohilo mara mbili ndani ya siku moja, kabla ya jua kutoka halafu saa tisa alasiri. pH, joto, amonia, oksijeni kama utapata kipimo cha matone. Na tafuta kipimo cha alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, hicho ndo cha lazima ambacho watu hawakinunui. Kwa maji ya mvua nina wasiwasi nacho mkubwa.

Mama Perege

Naongezea kwenye upimaji wenyewe maana namba mbaya ni hatari kuliko kutopima.

Vijikaratasi vinafaa kukuambia kama kuna jambo au hakuna, basi. Vikipata unyevu mara moja vinabadilika rangi hata kabla ya kuchovya, kwa hiyo angalia kopo lifungwe vizuri na usitoe kijikaratasi kwa vidole vyenye maji. Kwa amonia na nitriti chukua vipimo vya matone vyenye kichupa cha kioo. Suuza kichupa mara kadhaa kwa maji ya bwawa lenyewe, sio ya bomba. Usichote maji ya juu juu, ingiza chupa imefungwa mpaka kina cha kiwiko, fungua hukohuko chini, ijae, funga hukohuko, hasa kama unapima oksijeni maana povu la hewa likiingia tu umeshaharibu. Pima hapohapo, usipeleke ndani ukaja kupima baada ya chai.

Matone dondosha chupa ikiwa wima kabisa, ukiilaza matone yanatoka madogo makubwa na hesabu inaharibika. Subiri dakika zilizoandikwa kwa saa, usikisie. Rangi isome nje kwenye mwanga wa mchana, kichupa ukiegemeze kwenye karatasi nyeupe, taa za ndani za njano zinafanya kijani cha amonia kionekane sivyo. Alfajiri ambapo hakuna mwanga, chukua sampuli mapema ila ukishatia matone peleka kwenye taa nyeupe, na utumie taa hiyohiyo kila siku ili angalau ulinganishe sawa kwa sawa. Kwa nitrati ile chupa ya pili tikisa kwa nguvu hasa, unga wake unaganda chini, usipotikisa utasoma sifuri kila siku ufurahi bure. Tarehe ya kuisha muda wake angalia pia.

Na jambo moja, soma kwenye maelekezo kama nitriti imeandikwa kama nitriti nzima au kama naitrojeni tu. Zikitofautiana ni mara 3.3 kwa nitriti na mara 4.4 kwa nitrati. Watu wawili wanaweza kubishana humu wiki nzima kumbe wana maji sawa.

Mita ya pH ya kidijitali ni nzuri ila bila kuisawazisha kwa maji maalum ya pH 7 na 10 inakudanganya, na ncha yake isihifadhiwe ikiwa kavu wala kwenye maji yaliyokenekwa (distilled), ina maji yake ya kuhifadhia.

Kijito

Sasa hiyo ya kutomwaga maji mbona sijaelewa, maji mapya si ndo yana oksijeni na hayana amonia?

Maji Kwanza

Swali zuri ndugu. Maji mapya kweli hayana amonia, ila angalia yanakuja na nini. Ya bomba yanakuja na klorini, ambayo matamvua hayaivumilii hata ikiwa kidogo sana, sehemu ya mia ya miligramu tu tayari inaumiza. Ukimwaga bwawa lote ukajaza ya bomba siku hiyohiyo umewaweka samaki kwenye klorini tupu. Klorini ya kawaida inaondoka maji yakikaa wazi siku nzima na kutibuliwa, ila sehemu nyingine wanatumia kloramini na hiyo haiondoki kwa kukaa, inataka dawa, thiosalfeti ya sodiamu, kama gramu 7 kwa lita 1000 kwa kila miligramu 1 ya klorini iliyopimwa. Tena kloramini ikivunjwa inaacha amonia kidogo, kwa hiyo ukipima baada ya hapo usishtuke.

Jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii ni pH ya hayo maji mapya. Tuseme alfajiri bwawa lina amonia 3 na pH 6.8. Samaki wanavumilia kwa sababu kwenye pH hiyo sumu ni kidogo. Ukawaingizia maji ya kisima yenye pH 8.5 kwa wingi, amonia imepungua labda nusu ila sumu imepanda mara nyingi, na samaki wanakufa baada ya wewe kuwafanyia wema. Ndo maana tunasema badilisha asilimia 10 mpaka 20 kwa mara moja, pima kwanza maji unayoleta kama unavyopima ya bwawa, na yaingie kwa kunyunyiziwa toka juu ili yabebe hewa.

Jambo la tatu, bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati wanakaa kwenye kuta, kwenye filta, kwenye mawe. Ukimwaga yote ukasugua kuta na klorini juu yake unaanza upya, na kuanza upya ni wiki 4 mpaka 6 kabla hawajatosha. Katikati hapo ndo nitriti inapanda.

Na chumvi, ina kazi yake ila sio hii. Chumvi inasaidia nitriti ikipanda. Nitriti inageuza damu inakuwa kahawia haibebi oksijeni, samaki anahema hata kwenye maji yenye oksijeni ya kutosha, ukimfungua matamvua yana rangi ya chokoleti. Kloridi ya kwenye chumvi inazuia nitriti isiingie mwilini. Kiasi sio kikubwa, gramu 165 za chumvi kwa lita 1000 zinakupa miligramu 100 za kloridi kwa lita na kwa nitriti za kawaida za bwawa la nyumbani hiyo inatosha. Ila yeye nitriti yake ni 0, chumvi haimfanyii chochote asubuhi.

Uani Kwangu

Asanteni sana jamani, nimefanya kama mlivyosema. Nimepata vipimo vya matone vya oksijeni na alkalini, na jirani kanipa mita ya pH tukaisawazisha kwanza.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri: pH 6.8, joto 26, oksijeni 2, amonia 1. Saa tisa alasiri: pH 9.2, joto 29, oksijeni 14, amonia 1. Alkalini nilipima asubuhi, 30. Sikuamini nikarudia, 30 tena. Samaki walikuwa juu alfajiri kama kawaida.

Kwenye tanki la mvua alkalini ni karibu sifuri, tone la kwanza tu rangi imegeuka. Ya bomba ni 110.

Maji Kwanza

Hapo sasa tunaongea. pH kutoka 6.8 mpaka 9.2 ndani ya mchana mmoja, na alkalini 30, hiyo ndo picha nzima ya bwawa lako.

Alkalini ndo shokapu ya maji, ndo inayomeza kurukaruka kwa pH. Ikiwa kati ya 75 na 200 mwani unavuta kaboni dayoksaidi na pH inapanda kidogo tu, ikiwa chini ya 50 pH inayumba inavyotaka. Wewe umejaza bwawa kwa maji ya mvua, na maji ya mvua hayana kitu, yametoka angani hayajapita kwenye jiwe wala udongo, na turubai halitoi madini kama udongo wa chokaa ungetoa. Halafu bakteria wa amonia nao wanaila alkalini, kila gramu 1 ya amonia wanayogeuza inakula kama gramu 7 za alkalini. Kwa hiyo hata hiyo kidogo uliyokuwa nayo inaliwa kila siku na mvua ikinyesha inazimuliwa zaidi.

Sasa hesabu ya chakula ili uone mzigo ulivyo. Gramu 600 za chakula chenye protini asilimia 30, zidisha 600 kwa 0.3 kwa 0.092 unapata kama gramu 16 na nusu za amonia kwa siku. Bwawa lako ni lita 12,000. Gawanya, unaongeza kama miligramu 1.4 kwa lita kila siku. Kila siku! Na kipimo kinasoma 1 tu siku zote, maana yake kuna kinachoila, na kwa sababu nitrati ni kidogo na nitriti hakuna, anayeila zaidi ni mwani sio bakteria. Ndo maana nilikwambia usiguse mrututu. Ukiua mwani wote kwa mara moja unampoteza anayekula amonia, maiti za mwani zinaoza zinavuta oksijeni iliyobaki, na kesho kutwa una amonia 3 au 4. Na hata kabla ya hapo, mrututu kwenye maji yenye alkalini chini ya 50 ni sumu kwa samaki wenyewe. Aliyekushauri ana nia njema lakini kwa maji haya hapana kabisa.

Kwa hiyo mpangilio. Leo usiku weka hewa, hilo halisubiri. Chakula punguza nusu, na usiwape asubuhi wakiwa bado juu wala jioni jua likishakuchwa, wape kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri, oksijeni ikiwepo. Alkalini ipandishe taratibu kwa bekingi soda: gramu 1.7 kwa lita 1000 inapandisha miligramu 1, wewe unataka kutoka 30 mpaka 100, yaani 70, kwa lita 12,000 inakuja kama kilo 1.4. Usimwage kwa mpigo, gawa kwa asubuhi nne, kila asubuhi kama gramu 350, yeyusha kwenye ndoo kwanza na zungusha pembeni zote. Uzuri wake hata ukizidisha kidogo haipeleki pH mbali zaidi ya 8.3 hivi kwa nguvu yake yenyewe.

Fundi Pampu

Mimi naongelea hewa tu maana ndo ninayoijua. Kwa kilo 20 za samaki kwenye lita 12,000 bila pampu umewabana, bwawa la kijani lisilo na mashine halitakiwi kubeba uzito huo. Pampu ya hewa yenye mawe mawili au pampu ya maji inayorusha juu na kudondosha, zote zinafanya kazi. Kinachoingiza oksijeni sio povu lenyewe ni maji kupinduka na kugusa hewa, kwa hiyo pampu ya maji ikidondosha toka juu kidogo kwa mtawanyiko mpana ni nzuri kuliko bomba moja linalomwaga sehemu moja.

Washa kuanzia saa tatu usiku mpaka jua limepanda vizuri. Alasiri unaweza kuzima ukitaka, maana oksijeni 14 kwenye maji ya nyuzi 29 ni karibu mara mbili ya kile maji yanachoweza kushika yenyewe, ukitibua wakati huo unaitoa nje. Ingawa kwa hali yake hii mimi ningeiacha tu, kwa sababu kutibua kunarudisha na kaboni dayoksaidi ya hewani majini na pH haipandi sana.

Jiwe la hewa usiliweke juu ya tope. Linyanyue sentimita 20 au 30 toka chini, ukiliweka chini kabisa siku ya kwanza linatibua uchafu wote na unaweza kuona wanahema zaidi kuliko jana. Kama kuna tope jeusi linanuka yai viza, livute kwa mpira kidogo kidogo siku tofauti, usilikoroge.

Mama Perege

Na ukijani unaupima vipi? Chukua mfuniko wa plastiki wa sentimita 20, paka robo nyeupe robo nyeusi robo nyeupe robo nyeusi, funga katikati kwenye fimbo uliyochora sentimita. Jua likiwa mgongoni kwako, mchana kati, shusha mpaka usiuone, soma, pandisha mpaka uuone tena, soma, chukua katikati. Ikiwa 30 mpaka 45 mwani uko sawa. Chini ya 20 ni mwingi mno na usiku utawabana, zaidi ya 60 maji meupe mno na magugu yataota chini. Ila hakikisha ni mwani sio udongo, maji ya udongo nayo yanaficha sahani mapema na tiba yake ni nyingine.

Hicho ndo kipimo ninachokitumia kuliko vyote, hakiishi muda wake na hakihitaji dawa.

Kijito

Badala ya bekingi soda si aweke chokaa? Chokaa inapatikana kirahisi na inatumika sana mabwawani.

Maji Kwanza

Chokaa gani, hapo ndo kuna mauti na uzima. Chokaa ya kilimo, ile ya jiwe lililosagwa, ni salama, inayeyuka polepole na haiwezi kurusha pH. Ataitumia mbele ya safari, anaiweka kwenye mfuko wa kitambaa pale pampu inapodondosha maji, maji ya mvua yanaila kidogo kidogo na alkalini inabaki. Chokaa ya kupaka kuta na chokaa ya moto zinapeleka pH 11 na kuendelea, hizo ni za bwawa lililokauka halina samaki, kuua vimelea kwenye tope kabla ya kujaza. Kwenye bwawa lenye samaki na amonia tayari 1, kilo moja tu ya ile ya kupaka inatosha kuwamaliza. Kabla ya kununua soma mfuko, na kama mfuko hauna maandishi usinunue.

Na kwa kuwa ya bomba yako ina alkalini 110, ukishaiondoa klorini ndo maji mazuri ya kuongezea, changanya na ya mvua nusu kwa nusu badala ya mvua tupu.

Uani Kwangu

Nimerudi kuwapa majibu. Pampu inafanya kazi usiku kucha, bekingi soda nimemaliza kuweka kwa asubuhi nne kama ulivyosema, chakula bado nusu.

Alkalini sasa 95. Alfajiri pH 7.4, oksijeni 4. Alasiri pH 8.6. Amonia imeshuka rangi iko kati ya 0.25 na 0.5. Nitriti imetokea, 0.25, zamani ilikuwa sifuri. Sahani inapotea sentimita 22, siku ya kwanza niliposhusha ilikuwa 15. Samaki wachache bado wanapanda juu alfajiri ila sio wote na ukisogea wanakimbia.

Nitriti hiyo ndo imenitia wasiwasi. Na nirudishe chakula? Na niendelee kupima kila siku au nimeshatoka?

Maji Kwanza

Nitriti 0.25 kwa hatua hii ni habari nzuri, bakteria sasa wameanza kazi ambayo mwani ulikuwa unaifanya peke yake. Wa kwanza wanaogeuza amonia wanawahi, wa pili wanaomaliza nitriti wanachelewa, kwa hiyo itapanda kidogo kabla ya kushuka. Ili ulale vizuri weka ile chumvi sasa, gramu 165 mara 12, yaani kama kilo 2, perege hata hatahisi. Na kama una filta usiioshe kwa maji ya bomba wakati huu, ichovye tu kwenye ndoo yenye maji ya bwawa.

Chakula usirudishe bado. Subiri mambo mawili yakutane, sahani isome 30 na oksijeni ya alfajiri isishuke chini ya 4 kwa wiki nzima ukiwa na pampu. Ukifika hapo ongeza kidogo, pima amonia baada ya siku tatu, ndo uongeze tena.

Kupima, hapa mwanzo amonia na nitriti kila baada ya siku moja mpaka nitriti irudi sifuri, baadaye mara moja kwa wiki inatosha. pH na joto alfajiri na alasiri angalau mara mbili kwa wiki, na andika kwenye daftari saa uliyopima, namba isiyo na saa haina maana. Alkalini kila wiki mbili, na siku yoyote mvua kubwa ikinyesha pima kesho yake bila kujali ratiba, maana ndo inayozimua, na mvua ya baridi inashuka chini inapindua maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapanda juu. Jioni ya mvua ya namna hiyo, au jua likikosekana siku mbili mfululizo, washa pampu mapema kabla hata ya saa tatu. Hao wachache wanaopanda, waangalie siku hizi chache, ukiona wanazidi piga picha ya matamvua ya mmoja uilete hapa.

Fundi Pampu

Na uwe na pampu ya akiba au betri. Umeme ukikatika saa nane usiku kwa bwawa lenye uzito huo, una muda mfupi sana. Kama huna kabisa, chukua ndoo, chota, mwaga toka juu, rudia, na usiwape chakula siku hiyo.